“Mwalimu, nitajiita nani kwa Kiswahili?” Jina na kujikubali katika jamii ya LGBTQ

MWANAFUNZI mmoja alibaki nyuma baada ya mhadhara wetu wa semantiki. Alisubiri wenzake watoke wote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, nikitaka kumwambia mama mimi ni nani, kwa Kiswahili nitajiita nani bila kujitukana?”

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwomba anipe muda. Makala haya ni sehemu ya jibu lenyewe.

Wataalamu wa isimujamii hutofautisha jina analojiita mtu na jina analobandikwa na wengine. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake Stigma cha 1963, alieleza jinsi jamii inavyoweza kuchukua sifa moja ya mtu na kuigeuza kuwa ndiyo mtu mzima, hata sifa zake nyingine zisionekane tena. Jina ndilo hufanya kazi hiyo upesi zaidi. Mtu akishaitwa kwa neno hilo moja, kazi yake, ukoo wake, imani yake na hata ucheshi wake, vyote vimefunikwa.

Tutazame basi msamiati tulio nao. Neno linalojulikana zaidi ni ‘shoga’. Katika miji ya pwani, shoga ni mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenzake. “Shoga, mbona umenitupa hivyo?” ni lalamiko la mapenzi kati ya marafiki wa kike. Maana ya pili, ya mwanamume anayevutiwa na wanaume, imekaa ubavuni mwa ile ya kwanza, na huku bara ndiyo inayojulikana zaidi. Ndiyo maana mgeni wa bara anaposikia akina mama wakiitana shoga sokoni Mombasa, hutumbua macho.

Maneno mengine ni makali zaidi. ‘Hanithi’, lenye asili ya Kiarabu, humtaja pia mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume, kana kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. ‘Msagaji’ linatokana na kitenzi kusaga. ‘Msenge’ na ‘basha’ hutajwa kwa dhihaka na kunong’onezana. Ukiyachunguza maneno haya kwa pamoja utagundua kwamba kila moja linataja tendo la chumbani au upungufu. Hakuna linalotaja upendo. Mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kukwama.

Kuna pia ‘kulawiti’. Sisi wa magazeti hulitumia kila tunaporipoti kesi ya mtu aliyemdhulumu mtoto wa kiume. Hilo ni kosa lenye mwathiriwa, na ni sharti litajwe. Lakini neno lilo hilo hutumiwa pia kwa watu wazima wawili walioridhiana. Msomaji akizoea matumizi hayo, huanza kumwona kila shoga kuwa mnyanyasaji wa watoto, bila yeyote kumpa ushahidi.

Ni kweli kwamba vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado vinaharamisha matendo hayo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta mnamo Mei 24, 2019. Hata hivyo, vifungu hivyo vinahusu matendo. Havimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa vile alivyo. Lugha yetu ya kila siku haizingatii tofauti hiyo.

Hebu sasa tugeukie sarufi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba viumbe wenye uhai huwekwa katika ngeli ya A-WA, haidhuru umbo la nomino. Neno ‘kipofu’ lina umbo la KI-VI, lakini twasema “kipofu yule amefika”, si “kipofu kile kimefika”. Vivyo hivyo, kwa usahihi, ni “mashoga wale wamefika”. Lakini sikiliza mazungumzo katika matatu au kwenye kibanda cha chai, utasikia: “Mashoga yale yamefika.” Msemaji hajakosea ngeli kwa kutojua. Amemtoa mtu katika safu ya watu akamweka pamoja na majabali na magari. Ndivyo tufanyavyo pia tunaposema ‘jitu’ au ‘kijitu’. Dharau hiyo imo katika kiambishi tu, na mara nyingi anayeitamka hatambui kwamba ametukana.

Upande mwingine, sarufi hii hii ina ukarimu. Msomaji huenda ameona kwamba sijasema iwapo mwanafunzi aliyeniuliza ni wa kike au wa kiume. Kiswahili hakikunilazimisha. ‘Yeye’ ni yeye, na ‘mpenzi’, ‘mwenzangu’ na ‘mchumba’ hayana jinsia. Mtu anaweza kusema “mpenzi wangu amesafiri” mbele ya jamaa zake wote na asiulizwe lolote. Anayejificha hupata hifadhi hapo, lakini akikaa sana hifadhi hiyo humgeukia kifungo. Mtayarishi wa filamu Wanuri Kahiu alielewa jambo hili alipoipa filamu yake ya 2018, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, jina Rafiki. Ni neno ambalo wapenzi wa jinsia moja hulazimika kulitumia wanapotambulishana kwa watu. Filamu hiyo ilipigwa marufuku nchini, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7 pekee.

Jina liliwahi kufika pia Mahakama ya Juu. Eric Gitari aliomba kuhifadhi jina la shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi ya kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa katika jina lenyewe. Kesi ilipanda ngazi baada ya ngazi kwa miaka mingi, hadi Februari 24, 2023, majaji 3 kati ya 5 walipoamua kwamba kuwanyima watu hao haki ya kujisajili ni ubaguzi. Uamuzi huo haukugusa vifungu 162 na 165. Ulihusu haki ya kikundi cha watu kujumuika chini ya jina walilojichagulia.

Kwingineko, watu wameyachukua matusi yenyewe na kuyasafisha. Neno la Kiingereza ‘queer’ lilimaanisha kitu cha ajabu, likawa tusi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaharakati wa Marekani wakaanza kujiita hivyo wenyewe. Nchini Uganda, wengi hujiita ‘kuchu’, neno lililokua miongoni mwao wenyewe. Hapa kwetu wapo wanaojiita shoga bila kuona haya. Ila anayesafisha tusi ni yule aliyetukanwa. Jirani hana ruhusa ya kulitumia kwa kisingizio kwamba wao wenyewe wanajiita hivyo.

Ndipo tunapofika kwenye neno ‘fahari’. Gwaride la kwanza la fahari mjini New York lilifanyika mnamo Juni 28, 1970, mwaka mmoja kamili baada ya wateja wa baa ya Stonewall Inn kuwakabili polisi waliowavamia. Wapo wanaouliza: mtu atajivuniaje jambo kama hilo? Swali hili linachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri. ‘Kiburi’ ni kujiona juu ya wengine. ‘Fahari’ inaweza kuwa kinyume cha fedheha tu: kukataa kuinamisha kichwa. Aliyefundishwa tangu utotoni kujionea aibu hahitaji kuwapita wengine. Anataka tu kusimama nao sawa.

Mabadiliko ya lugha si jambo geni kwetu. Tulisema ‘zeruzeru’, leo twaandika ‘watu wenye ualbino’. Tulisema ‘kilema’, leo ni ‘mtu mwenye ulemavu’. Sensa ya 2019 iliweka nafasi ya watu wenye jinsia mbili, wanaoitwa pia huntha, na ikahesabu 1,524. Walikuwepo siku zote, ila fomu haikuwa na neno lao.

Mnamo Januari 2014, mwandishi Binyavanga Wainaina alichapisha insha ambamo anamfunulia mamake, aliyekuwa ameshafariki, kwamba yeye ni shoga. Aliiandika kwa Kiingereza. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kwa Kiswahili.

Nilipokutana tena na mwanafunzi wangu, nilimweleza haya yote. Nilimwambia anaweza kusema ‘navutiwa na watu wa jinsia yangu’: ni maelezo marefu, lakini hayana matope. Nikamshauri aanze na neno ambalo tayari ni lake: “Mama, mimi ni mwanao.”

Alicheka. “Mama nimjuavyo, ataniuliza, ‘Kwani nani alisema si wewe?’”

Basi hapo, nikamwambia, mazungumzo yatakuwa yameanza.