Soksi za Kubana Miguu: Zinavyosaidia Damu na Wakati wa Kutozivaa

Soksi za kubana miguu huuzwa katika maduka ya dawa na hata ya vifaa vya michezo, na wanunuzi wengi huzichagua kwa rangi na bei. Kwa kuwa hugandamiza mwili kwa saa nyingi, ni vyema mtumiaji afahamu zinavyofanya kazi kabla ya kutoa fedha yake.

Damu inayorudi moyoni kutoka nyayoni hupanda mlima. Hupandishwa na misuli ya mashavu ya miguu, ambayo hukamua vena kila tunapopiga hatua, huku vali ndogo zilizomo ndani ya vena zikiizuia damu isirudi chini. Mtu mzima anaposimama bila kusogea, shinikizo katika vena za mguuni hufika takriban milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea, hushuka sana. Ndiyo maana mwalimu, muuguzi au mlinzi aliyesimama mahali pamoja tangu asubuhi hurudi nyumbani miguu imemvimba. Vali zikichoka, vena hutanuka na kujipinda hadi zikaonekana chini ya ngozi.

Soksi iliyotengenezwa ipasavyo hubana zaidi kwenye kifundo, kisha hulegea kidogo kidogo kuelekea gotini. Mbano huo hupunguza upana wa vena na damu huenda kwa kasi zaidi. Mhandisi Conrad Jobst, Mjerumani aliyehamia Marekani, alibuni soksi za aina hii baada ya kuona kwamba miguu yake yenye maradhi ya vena ilipata nafuu alipokuwa ndani ya bwawa la kuogelea, kwa sababu maji hubana zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Soksi ya kawaida yenye mpira mkali juu hufanya kinyume: hukaba chini ya goti.

Tunamsihi mnunuzi asome lebo, na asitosheke na neno “daraja”. Daraja la 2 kwa vipimo vya Ujerumani ni milimita 23 hadi 32 za zebaki. Kwa vipimo vya Uingereza ni 18 hadi 24. Namba moja, mbano tofauti. Kinachopaswa kusomwa ni milimita zenyewe, ambazo huandikwa mmHg. Pasipo kipimo hicho, mnunuzi hana namna ya kujua anachonunua, hata kama kasha limepambwa kwa picha ya daktari.

Soksi hizi husaidia wenye vena zilizotanuka na wanaosafiri kwa ndege zaidi ya saa nne. Hata hivyo, si tiba ya kila mguu. Utafiti wa CLOTS, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kwamba soksi za kufika pajani hazikupunguza kuganda kwa damu kwa wagonjwa wa kiharusi, na baadhi yao zilijeruhi ngozi.

Hapa ndipo penye hatari. Mwenye ateri zilizoziba miguuni hupata damu kidogo tayari. Ukimbana, unampunguzia hata hiyo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni huenda asitambue kidonda kinachochimbika chini ya soksi. Watu hawa, pamoja na wenye moyo dhaifu, wasizivae bila kupimwa na daktari. Aidha, uvimbe una sababu nyingi: figo, moyo, matende, au kifafa cha mimba kwa mjamzito ambaye pia anaumwa kichwa na kuona maluweluwe. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani yake; kipande kikifika mapafuni kinaweza kuua. Nenda hospitali, si dukani.

Aliyeshauriwa kuzivaa apimwe kifundo na shavu la mguu asubuhi, kabla uvimbe haujaanza, na azivae muda huohuo. Asikunje ukingo wa juu, kwani hugeuka kamba. Zifuliwe kwa mkono na kuanikwa kivulini. Zikivaliwa kila siku, hupoteza mbano baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo zile za mitumba, hata zikiwa safi na za bei nafuu, hatuzipendekezi.