Kuvumwani za Kambi Muru

Anayepita Kambi Muru, mtaani Kibera, wakati wa masika, aghalabu huangalia chini asije akateleza. Kuta haziangalii. Majuzi niliinamia ukuta mmoja pale pamoja na mwanafunzi wangu aliyelelewa papo hapo. Ajuza mmoja Mnubi akasimama, akatuuliza, "Wanangu, mmepoteza nini?" Nilipomwonyesha mmea wa kijani uliojibana katika ufa, mfupi kuliko ukucha, alicheka. "Huo ni uchafu tu! Zamani ulijaa mitini." Alikumbuka enzi za Kibra yenyewe, neno ambalo kwa Kinubi ni msitu.

Sikumlaumu. Kamusi nazo huuita mmea huu kuvumwani, yaani kuvu na mwani, ilhali wenyewe si kuvu wala mwani. Ni mmea kamili, isipokuwa hauna mizizi ya kunyonya ardhini. Hunywa mvua kwa majani yake, pamoja na vumbi linalotua juu yake, na metali zilizomo hubaki mwilini mwake. Ndiyo sababu wataalamu wa Uswidi, Åke Rühling na Germund Tyler, walianza kuutumia kupimia uchafuzi wa metali mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mnamo Desemba 2013, watafiti wa Shirika la Misitu la Marekani walibandua sampuli 346 kutoka miti ya mji wa Portland, Oregon. Maabara ilionyesha metali ya kadimi kwa wingi karibu na viwanda viwili vya vioo vya rangi. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 2016, viwanda hivyo vilisitisha matumizi ya kadimi.

Turudi Kibera. Mabati yetu yamepakwa zinki, na kila mvua inyeshapo matone huteremka na chembe zake. Zinki huua kuvumwani nyingi. Wenye nyumba ng'ambo hupigilia vipande vyake mapaani makusudi ili kuzizuia. Hata hivyo zipo chache sugu, na wataalamu wa Uingereza huzisaka chini ya vyuma vya kandokando ya barabara. Ikiwa chuma cha barabarani kinastahili safari ya mtaalamu, bahari ya mabati ya Kibera je? Pale Kambi Muru, chini ya kingo za bati palikuwa na ukanda mtupu; shubiri mbili kando, kijani. Sisemi kwamba zinki ndiyo iliyoufyeka. Nyayo na maji ya sabuni pia hufyeka.

Wala zinki siyo inayonitia hofu. Ni risasi. Kule Dandora, kwenye jaa kuu la Nairobi, uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2007 ulihusu watoto 328; nusu yao walikuwa na risasi damuni kufikia au kupita kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha sumu. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Imo katika udongo wa kando ya barabara, katika rangi kuukuu na betri zinazopasuliwa vichochoroni.

Mtoto wa Kambi Muru husoma habari za mmea huu kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, kisha akarudi nyumbani kuusugua ukutani kama uchafu. Kwa nini shule za Kibera na Kawangware zisichore ramani ya mahali unapoota na usipoota, nasi wa vyuo vikuu tukapima sampuli zao? Ramani peke yake haithibitishi sumu, lakini humwelekeza mpimaji pa kuanzia. Gharama ya upande wa shule ni bahasha na penseli.

Mwanafunzi wangu alibandua kipande, akaandika tarehe, ukuta na umbali kutoka kwenye bati. Ajuza akamsihi abandue na kilichobaki, ukuta upate kung'aa. Bahasha ingali mezani pangu, ikingoja zamu maabarani.