Nyama ya kuchoma: Kilo ya bei ndogo yaweza kuwa ghali zaidi

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi anayetaka kuchoma nyama nyumbani mwisho wa wiki ana maswali mawili: nyama nzuri ataipata wapi, na itamgharimu kiasi gani. Swali la pili wengi hulijibu kwa kusoma kibao kilichoning'inizwa mlangoni mwa bucha na kuchagua bei ya chini. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tuchukue mfano wa hesabu, bei zikiwa za kukadiria tu, maana bei halisi hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Bucha linauza nyama ya mchanganyiko kwa Sh. 10,000 kilo moja, na steki kwa Sh. 12,000. Ikiwa robo ya mchanganyiko ule ni mfupa, mnunuzi amepata gramu 750 za nyama kwa Sh. 10,000. Kilo kamili ya nyama tupu imemgharimu Sh. 13,300 na ushee. Jirani yake aliyenunua steki na kuonekana mwenye fedha za kuchezea amelipa Sh. 12,000.

Kwa supu au mchuzi mfupa una kazi yake na fedha haipotei. Juu ya jiko la mkaa mambo ni tofauti. Mbavu zinalipa, kwa sababu nyama yake ina mafuta na mfupa wake ni mwembamba. Nundu ya ng'ombe wetu wa asili nayo inachomeka vizuri sana, na mabucha mengi huiuza bila kuithamini. Shingo, uti wa mgongo na miguu ya chini ni vya sufuria. Anayechoma aombe paja, mbavu, nundu au, mfuko ukiruhusu, sarara.

Moto nao una ushuru wake. Nyama ikiiva hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito, kwa maji na mafuta yanayodondoka. Gramu 300 za steki mbichi zitabaki kama gramu 200 kwenye sahani, na kiasi hicho kinamtosha mtu mzima mwenye ndizi na kachumbari pembeni. Kwa watu 10, basi, kilo 3 za steki zinatosha. Anayenunua mchanganyiko ahesabu kilo 4.

Hesabu zote hizo hazina maana mizani ikiwa na kasoro. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipia kilo 4 katika bucha moja upande wa Tegeta, na alipofika nyumbani mizani ya jikoni ikasoma kilo 3 na robo tatu. Mizani za biashara zinapaswa kuhakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama. Mteja ana haki ya kuiangalia alama hiyo, na pia kuhakikisha mshale umesimama kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa.

Bei inatokea wapi

Sehemu kubwa ya ng'ombe wanaoliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu. Wanatoka Shinyanga, Singida, Dodoma, Tabora na mikoa mingine ya wafugaji, wengi wao wakisafiri kwa malori. Mnadani biashara hufanyika zaidi kwa kukadiria kwa macho kuliko kwa mizani. Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 akiwa hai hutoa takriban nusu ya uzito huo kama nyama pamoja na mifupa yake. Mnunuzi akikosea jicho kwa kilo 20 za uzito wa ng'ombe aliye hai, kilo 10 za kuuza zimetoweka kabla hajalipa hata ushuru.

Faida yake mara nyingi imo katika kichwa, makongoro, utumbo, maini na ngozi. Bei ya ngozi iliporomoka vibaya katika miaka ya 2010, hata nyingine zikatupwa kwa kukosa mnunuzi. Fungu hilo lilipopungua, nyama yenyewe ikabaki kubeba mzigo, na mzigo huo humwangukia mlaji.

Kutoka Pugu ng'ombe wengi hufika machinjio ya Vingunguti, wilayani Ilala, ambako kazi hufanyika usiku na nyama huuzwa kwa jumla alfajiri. Ujenzi wa machinjio ya kisasa hapo ulishika kasi mwaka 2019. Mwenye bucha wa Bunju anaamka usiku wa manane, anapakia, anavuka jiji zima na kutundika nyama kabla ya wateja wa asubuhi. Safari hiyo anailipia yeye kwanza, halafu inaingia kwenye kibao cha bei. Mbagala iko karibu zaidi na Pugu na Vingunguti kuliko Bunju, kwa hiyo mkazi wa Temeke ana sababu nzuri ya kudai bei iliyo chini kidogo kuliko ya ndugu yake wa Kinondoni.

Kutoka Vingunguti alfajiri hiyo mtu binafsi naye anaweza kununua, ila jumla ni jumla kweli. Mguu wa nyuma wa ng'ombe wa asili unakaribia kilo 25 hadi 30. Familia tano zikichangishana, zikakodi gari moja na kumlipa mkata nyama, kuna nafuu. Familia moja isiyo na friji kubwa isijaribu.

Nyama ya moto na nyama laini

Kuna imani iliyozoeleka kwamba nyama bora ni ile ya asubuhi hiyo hiyo, ikiwa bado ina joto la mnyama. Kwa usafi imani hiyo ina mantiki, hasa pale ambapo bucha halina friji. Kwa ulaini inapotosha. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli ya mnyama hukakamaa, na nyama ikiingia motoni katika hali hiyo huwa ngumu kama raba, hata kama ilikuwa nzuri. Ikikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini kwa siku mbili au tatu hulegea yenyewe bila gharama yoyote. Anayechoma Jumapili anunue Ijumaa na kuihifadhi katika friji. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, mpango huo umekufa na nyama ipikwe siku hiyo hiyo.

Rangi nayo inazungumza. Nyama nzuri ni nyekundu ya kung'aa na uso wake haunati mkononi. Ikiwa nyeusi nyeusi, imekauka na inanata, mara nyingi ng'ombe huyo alichinjwa akiwa amechoka na safari na njaa, nguvu ya misuli imekwisha. Nyama ya namna hiyo huharibika upesi. Ng'ombe aliyesimama ndani ya lori siku nzima na zaidi, kisha akachinjwa bila kupumzishwa, huigeuza taabu hiyo kuwa hasara ya mlaji. Mafuta ya njano hayana ubaya. Yanaonyesha mnyama wa majani, pengine mwenye umri mkubwa kidogo. Kwa huyo, papai bichi lililosagwa na tangawizi kwa saa moja au mbili hufanya kazi, kama wauza mishikaki wanavyojua siku nyingi.

Swali la mbuzi

Wengi huuliza kama kununua mbuzi mzima Pugu kunalipa. Tuseme mbuzi ni Sh. 150,000 na anatoa kilo 12 za nyama na mifupa: hiyo ni Sh. 12,500 kwa kilo, pamoja na kichwa, miguu na utumbo wa supu. Bucha la mtaani linauza Sh. 14,000. Nafuu ipo, kama Sh. 18,000 kwa mbuzi mzima. Sasa ongeza usafiri na ujira wa mchinjaji, tuseme Sh. 30,000 kwa anayerudi Bunju. Nafuu imekwisha na Sh. 12,000 zimetoka mfukoni. Mkazi wa Chamazi anayepanda gari moja na wenzake watatu, kila mmoja na mbuzi wake, bado anabaki na chenji. Ushindani nao umeongezeka, kwani viwanda kama TanChoice cha Kibaha huchinja mbuzi kwa ajili ya wanunuzi wa nchi za Ghuba.

Anayechinjia nyumbani akumbuke gharama isiyoonekana kwenye hesabu hiyo. Muhuri wa mkaguzi wa nyama una thamani ya fedha. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 nchini, na ugonjwa huo humpata mtu kwa mbu na pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Walaji wengi walikimbilia kuku na samaki, mabucha yakakaa bila wateja, na waliopoteza mitaji ni pamoja na wale ambao nyama yao haikuwa na tatizo lolote. Nyama ya vichochoroni inayouzwa kwa bei ya kutupa bila muhuri inamtishia mwenye bucha halali kama inavyomtishia mlalahoi anayeinunua.

Kwa mwekezaji mdogo, pengo liko kwenye ubaridi. Mabucha mengi ya pembezoni hununua asubuhi na kulazimika kumaliza jioni, ndiyo maana saa 12 bei hulegea. Mwenye friji ya uhakika na jenereta ndogo anaweza kupokea oda Jumatano, kulaza mapaja na mbavu siku mbili, na kuuza Ijumaa nyama laini iliyokwisha kukatwa. Nyama ikikaa hupungua uzito kidogo kwa kukauka, kwa hiyo bei yake lazima iwe juu ya ile ya jirani, na mteja aelezwe kwa nini. Agawe kwa msumeno pia, kwani shoka na gogo huacha vipande vya mifupa ndani ya steki.

Msimu nao uangaliwe. Baada ya masika, mifugo imenona. Kiangazi kikikaza huwa imekonda, na mfugaji anayeishiwa majani huuza kwa bei ndogo, ingawa kilo zinazopatikana ni chache. Siku za kuelekea Idi ya Kuchinja bei ya mbuzi hupanda Pugu kila mwaka, na wanaojua hununua wiki tatu mapema, wakamfunga uani na kununua majani. Gharama ya majani hayo, na ya kijana wa kumchunga mbuzi asile maua ya jirani, iingizwe kwenye hesabu.