Kijana wa Olbalbal Arekebishwe Nyumbani, Lakini kwa Sheria

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka wazi kwamba mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, hatahukumiwa kifungo. Sheria hiyo hiyo iliunda Mahakama ya Watoto, inayoongozwa na Hakimu Mkazi, ambayo husikiliza mashauri faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwapo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, sheria njema hupimwa mbali na mji, kwa hiyo leo tunapenda kuipima sheria hii katika kata ya Olbalbal, wilayani Ngorongoro.

Olbalbal iko chini ya miinuko ya kreta, katika bonde ambamo maji ya Korongo la Oldupai huishia. Wakazi wake walio wengi ni wafugaji wa Kimaasai. Makao makuu ya wilaya yako mbali, Loliondo. Mahabusu ya watoto ya kutumainiwa iko mjini Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 150. Shule ya maadilisho, anakopelekwa mtoto aliyepatikana na hatia, iko Irambo, mkoani Mbeya, upande wa pili wa nchi.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14 anayetuhumiwa kuiba mbuzi wawili wa jirani na kuwauza mnadani. Shauri lake likifuata mkondo wa polisi na mahakama, mama yake atalazimika kutafuta nauli kila linapotajwa, na shahidi ataacha mifugo bila mchungaji. Kijana mwenyewe atapoteza masomo, na akinyimwa dhamana atakaa miongoni mwa wenzake waliokwisha kuzoea makosa makubwa kuliko lake. Hata akiachiwa huru, atarudi bomani akiwa na mafunzo ambayo hakuna mzazi aliyeyaomba. Naye mwenye mbuzi huenda asirudishiwe hata mmoja. Yafaa tujiulize ni nani aliyefaidika.

Wamaasai wana njia yao ya siku nyingi. Wazee hukaa kivulini, wakamsikiliza kila mwenye neno, kisha baba wa mkosaji hutozwa faini ya mifugo na jirani hupatana na jirani. Kijana akisha kuingia katika umorani, huwa na wazee walezi wa rika lake, waitwao olpiron, wenye uwezo wa kumkemea naye akasikia. Wala sheria zetu si geni kwa busara hiyo, kwani Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliyapa mabaraza hayo jukumu la kusuluhisha na kudumisha amani mahali yalipo.

Pamoja na hayo, hatuungi mkono hoja kwamba kila jambo liachiwe mila. Faini ya mifugo huutoza ukoo, na mara nyingi mkosaji mwenyewe hafanyi lolote kurekebisha alichoharibu. Layoni, ambaye bado hajatahiriwa, hana wazee wa rika wa kumlea, bali humtegemea baba peke yake. Na baba huyo akiwa mlinzi wa usiku Arusha au Dar es Salaam, mtoto hana wa kumtegemea. Zaidi ya yote, msichana akidhulumiwa, ng'ombe wa fidia huingia zizini kwa baba yake, naye hubaki na maumivu yake bila kuulizwa neno. Suluhu ya namna hiyo huficha uovu. Makosa ya kubaka, kuua na kujeruhi vibaya hayana budi kufika mahakamani, bila kujali mkosaji ni mtoto wa nani.

Wenzetu wa Uganda walikwisha kulitafakari suala hili. Sheria yao ya watoto ya mwaka 1996 iliipa mahakama ya kijiji uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya watoto, kama vile wizi, ugomvi na uharibifu wa mali, na kutoa amri ya kupatanisha, kulipa fidia, kuomba radhi au kuonya. Hivyo wazee wametambuliwa, na papo hapo wamewekewa mipaka. Kenya nayo, katika sheria yake ya mwaka 2022, imeweka utaratibu wa kumwepusha mtoto na mashtaka. Hapa kwetu, mpango wa kurekebisha tabia za watoto wakiwa majumbani mwao ulianza kwa majaribio Temeke mwaka 2012, ukafuata Mbeya. Mtoto husimamiwa na afisa ustawi wa jamii, hurudishwa shuleni au hufundishwa kazi, na wazazi wake hushirikishwa.

Mpango wa mjini hauwezi kuhamishiwa Olbalbal kama ulivyo. Lakini kiini chake kinaweza kuungana na kivuli cha wazee iwapo mambo manne yatazingatiwa. Kwanza, kila usuluhishi uandikwe, na nakala ifike kwa afisa ustawi wa jamii. Pili, mtoto na aliyekosewa wasikilizwe kwa vinywa vyao wenyewe, na wanawake wawe miongoni mwa wanaosikiliza. Tatu, kijana mwenyewe afanye kazi ya kufidia, kama vile kuchunga mifugo ya aliyemkosea baada ya saa za shule, wala asipigwe. Nne, awekewe mzee mmoja wa kumfuatilia kwa muda uliotajwa.

Haya yanahitaji haraka. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Boma likigawanyika, na malezi ya rika hugawanyika. Kijana anayebaki bila mzee wa kumkemea atafunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haufundishi kwa upole.

Tunatoa wito kwa Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro, Mahakama, Jeshi la Polisi na malaigwanani wakae pamoja na kukubaliana juu ya makosa yatakayomalizwa bomani na yale yatakayopelekwa mbele. Serikali nayo ihakikishe kwamba afisa ustawi wa jamii anafika Olbalbal, na si kwamba Olbalbal ndiyo imfuate yeye. Kumrekebisha mtoto nyumbani hakutugharimu zaidi ya kumpoteza.