Samaki Asiyeuzwa: Siku ya Kuzaliwa kwa Wagenia

Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Kisangani nchini Kongo, wamepigwa picha mno. Mwaka 1894 maporomoko yao yalikwisha kuwekwa kwenye stempu ya senti 10 ya Dola Huru ya Kongo. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, Mpolandi Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville (Kinshasa ya leo), aliuza picha za wavuvi wao. Na leo mgeni akifika Kisangani hupelekwa mtoni, hutoa chochote kwa chifu, akawapiga picha wanaume wakiparamia nguzo juu ya maji yanayonguruma, kisha akarudi zake mjini. Nyumba zilizo nyuma ya mwamba wa mtoni hakuna anayezipiga picha. Humo ndimo watu wanamozaliwa na kuzeeka, na humo siku hizi, kama katika nyumba nyingi za Kongo, mtoto aliyetimiza mwaka huimbiwa. Ni sherehe ndogo, ya jioni moja. Nimeihudhuria mara nyingi kwa shemeji zangu, na naamini ina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa na wale wanaoiita mambo ya Wazungu.

Tuanze na mto. Kati ya Ubundu na Kisangani, kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, Lualaba hushuka maporomoko saba. La saba liko Kisangani kwenyewe, na baada ya hapo mto huitwa Kongo. Kwenye mwamba wa poromoko hilo maji yamechimba mashimo, na katika mashimo hayo Wagenia husimika miti mirefu, wakaifunga kwa kamba za msituni hadi ikawa majukwaa yanayostahimili mkondo. Kwenye majukwaa huning'inizwa migono, vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, ambavyo samaki akishaingizwa na nguvu ya maji hana njia ya kugeuka. Migono hukaguliwa asubuhi na jioni. Mahali pa kusimika nguzo pana wenyewe, waliopokea kwa baba na kwa babu. Kwa hiyo mtoto wa Kigenia akizaliwa, jambo la kwanza linalojulikana juu yake ni upande gani wa mwamba alio na haki nao. Tarehe ya kuzaliwa ilikuja baadaye sana.

Wazee waliipima miaka kwa yaliyowapata watu wote pamoja. Kuna waliozaliwa wakati wa maji makubwa ya 1961, mto ulipofurika kuliko walivyowahi kuona. Kuna waliozaliwa wakati wa Mulele, maana yake miezi ile ya 1964 waasi wa Simba walipoushika mji tangu mwanzo wa Agosti hadi askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba. Ukimwuliza mama mmoja wa rika hilo umri wake, atakuambia alikuwa anatambaa, au alikuwa bado mgongoni, kisha atakuachia wewe kazi ya kujumlisha.

Kwa wanaume kulikuwa na kipimo kingine, nacho ni jando. Jando la Wagenia halikufanyika kila mwaka. Ilipita miaka mingi, watoto wa kiume wakajaa vijijini, ndipo wazee wakakubaliana kulifungua. Mwaka 1970 lilifunguliwa Kisangani, katika mji uliokuwa tayari na chuo kikuu tangu 1963, na Mholanzi André Droogers, mwanaanthropolojia aliyekuwa akiishi huko, alilifuatilia na kuliandikia kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1980, The Dangerous Journey. Kwa kuwa lilisubiriwa muda mrefu hivyo, waliingia pamoja vijana walioanza kuota ndevu na watoto wadogo kabisa. Walipotoka walikuwa rika moja. Mpaka leo wazee wawili waliopishana miaka minane huitana kama waliozaliwa siku moja, kwa sababu walitahiriwa pamoja na kurudi kijijini pamoja. Umri wao ulikuwa mali ya kundi. Hakuna aliyetimiza mwaka peke yake.

Tarehe ilikuja na padri na karani. Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alifika Stanley Falls, kama Kisangani ilivyoitwa, mwaka 1897, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na daftari la ubatizo likaanza kujazwa. Aliyebatizwa alipewa jina la mtakatifu, na kwa Wakatoliki wengi sikukuu ya mtu ikawa sikukuu ya mtakatifu wake, hata leo utasikia mtu akitakiwa Bonne fête bila kujua kama ni kwa jina lake au kwa kuzaliwa kwake. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, watakatifu walitoka kwenye vitambulisho lakini hawakutoka nyumbani. Na Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alipotangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985, mabinti wengi wa kaskazini-mashariki walipata jina ambalo halikutoka ng'ambo, na sikukuu yake tarehe 1 Desemba.

Serikali nayo inataka tarehe. Sheria ya Familia, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba katika watoto 100 wa chini ya miaka mitano, walioandikishwa ni 40 tu. Wengine huja kupata karatasi ukubwani, kwa hukumu ya mahakama, wakati shule au kazi imewabana. Wazee wengi wana vitambulisho vinavyosema wamezaliwa mnamo mwaka fulani, bila siku wala mwezi. Wajukuu wakiamua kumfanyia koko, yaani babu au bibi yao, sherehe, inabidi familia ikae na kuchagua siku. Nimeona wakichagua siku ambayo wote wamo mjini, na sioni ubaya wowote.

Sasa niingie ndani. Nyumba ya shemeji zangu iko karibu na mto kiasi kwamba ngurumo yake husikika usiku kucha. Kijana wao wa pili alikuwa anatimiza miaka kumi, mwezi wa pili, maji yakiwa chini na mwamba ukiwa wazi. Mama yake alianza tangu jana yake. Pondu, majani ya muhogo, ilitwangwa kwenye kinu, ikachemshwa mpaka ikaacha ukali, ndipo yakaingia mawese na vipande vya samaki wa moshi. Ndizi makemba zilichemshwa, zikatwangwa zikiwa bado za moto, zikageuzwa na kugeuzwa hadi zikawa lituma laini, isiyo na kibonge. Hicho ndicho chakula cha heshima cha Kisangani, na mgeni asiyekipata hajakaribishwa.

Asubuhi ya siku yenyewe mgono mmoja ulitoa kapiteni, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Hapa pana jambo ambalo mtu wa mbali halioni. Samaki wa namna hiyo ni ada ya shule, ni dawa, ni bati la kuezekea. Wanunuzi husubiri juu ya mwamba, na kapiteni hafiki nyumbani. Anafika ngolo (kambare), wanafika samaki wadogo wadogo. Siku hiyo baba alimpitisha mbele ya wanunuzi akiwa amembeba begani, wakamwitia bei, akajibu kwamba huyu ana mwenyewe. Aliposhika njia ya nyumbani, mtoto alikuwa nyuma yake akitembea kwa maringo ambayo hata mavazi mapya ya Noeli na Bonane sijaona yakimpa. Zawadi yake ya siku ya kuzaliwa ilikuwa samaki asiyeuzwa, na kila jirani alikwisha kuiona kabla ya saa tatu asubuhi.

Alipikwa kwa liboke. Vipande vilipakwa chumvi, pilipili, kitunguu na nyanya, vikafungwa kwenye majani mapana, vikawekwa juu ya makaa taratibu. Kichwa hakikukatwa. Kilifungwa peke yake, maana kichwa kina mtu wake.

Jioni umeme haukuwapo. Mji unategemea mtambo wa Mto Tshopo uliojengwa katika miaka ya 1950, mitambo imechoka, na kila familia imejifunza kupanga sherehe bila kuutegemea. Mishumaa kumi ya gato, yaani keki, iliwashwa kwa mshumaa uliokuwa ukimulika meza. Uliimbwa kwanza wimbo wa Kifaransa ambao watoto hufundishwa shuleni, ukafuata wa Kilingala wa kanisani, na mashangazi wakamalizia kwa Kiswahili, wakipiga makofi na kumzunguka mtoto. Yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, alitoka akicheza, akambandika noti ya franga kwenye paji la uso, na wengine wakafuata. Noti hizo alizikusanya leki, mdogo wake, katika sahani, bila kuambiwa.

Ndipo koko, mama wa baba, akaomba kiti kisogezwe. Alimwita mjukuu asimame mbele yake.

"Wewe ulizaliwa maji yakiwa chini kama leo," alisema. "Baba yako alikuwa juu ya nguzo, akaitwa, akasema hashuki mpaka kamba ifungwe, maana akiiacha nusu mtu mwingine ataanguka. Noko, mjomba wako, ndiye aliyempakia mama yako kwenye baiskeli ya toleka. Shangazi yako alikimbia nyuma na beseni kichwani. Mwenye toleka alikataa pesa. Ukikua, mtu akikuambia umejizaa mwenyewe, umjibu."

Akaendelea kutaja waliokuja kumwona mtoto alipotoka materniti, nani alileta sabuni, nani alileta kuni, ni ndoyi gani mtoto alipewa jina lake na mzee huyo alikuwa mvuvi wa namna gani. Alitaja sehemu ya mwamba ya familia na waliokuwa nayo kabla. Watu wazima walinyamaza wakasikiliza, kwa sababu mengine walikuwa hawajui. Baada ya hapo ndipo liboke ya kichwa ikafunguliwa mbele ya koko. Alichomoa nyama ya shavu, ile laini kuliko zote, akaiweka kwenye sahani ya mtoto.

Huo ndio moyo wa jambo ninalolitetea. Gato, mishumaa na wimbo vinampa mtoto siku yake peke yake, kitu ambacho jando na maji makubwa havikumpa mtu. Kitu hicho ni chema. Mtoto wa saba katika nyumba yenye watoto tisa anahitaji siku moja ambayo jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Lakini koko akishasema, siku hiyo inarudishwa kwa wote waliomsaidia kuja duniani, na mtoto anajua kwamba tarehe yake ina dereva wa toleka ndani yake, na kamba, na beseni la shangazi.

Ndiyo maana nasikitika nikiona vijana wa mjini wakiihamishia sherehe yote baa, wakimpa mwenzao fulana yenye picha yake, wakammwagia maji na unga wakimpiga picha za kutuma WhatsApp. Maji sina neno nayo. Kisangani kuna joto na vijana wana haki ya kucheka. Unga unaniuma. Ni chakula, na katika mitaa hiyo hiyo kuna nyumba ambayo leo wamekula mara moja. Wapo pia majirani, Mashahidi wa Yehova kwa mfano, ambao kwa imani yao hawasherehekei kabisa siku ya kuzaliwa. Nimeona wakipelekewa sahani ya lituma siku ya pili, ikiwa ni chakula tu, nao wakaipokea kwa furaha.

Na zipo tarehe ambazo ni nzito kubeba. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, makombora zaidi ya 6,000 yakaangukia mji wa watu wengine. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, yakiwamo ya Kisangani. Katika siku zile sita wanawake walijifungua pia, chini ya vitanda na kwenye sakafu za makanisa. Waliozaliwa wakati huo sasa ni watu wazima. Nyumba moja ninayoifahamu haimwimbii binti yao tarehe yenyewe. Husubiri kumbukumbu ya wafu wa siku hizo ipite, na Jumapili inayofuata ndipo hupika. Mama yake husimulia, na kila mwaka huongeza kidogo kadiri binti anavyoweza kusikia: mara ya kwanza alisema tu kwamba kulikuwa na kelele, miaka mingi baadaye akamtaja jirani aliyekata kitovu na ambaye hakufika mwisho wa juma. Binti huyo ameamua kuitunza hiyo Jumapili, na amewakatalia marafiki waliotaka kumpeleka mjini tarehe ya kwenye kitambulisho.

Kwa shemeji zangu wameanza kumrekodi koko kwa simu kila anapoanza kusema. Wazo lilikuwa la yaya mkubwa, aliyeona kwamba koko akiondoka, nusu ya watoto wa nyumba ile watabaki na tarehe tupu. Jioni ile ya miaka kumi walipoisikiliza rekodi, shangazi alidai beseni halikuwa lake, lilikuwa la jirani, na kwamba hakukimbia, alipanda toleka ya pili. Noko akasema toleka ilikuwa moja. Koko akaagiza irekodiwe upya, na safari hii kila mmoja aseme sehemu yake mwenyewe, akianza na baba, aeleze ile kamba aliifunga kwa muda gani.