Buffalo na Hamilton: Mtoto Akae Wapi?

Wahariri wa kitabu chetu waliniomba niandike juu ya maisha ya mjini, na mwaka huu sikuhangaika kutafuta la kuandika. Mtoto wa kaka yangu, aliyekulia Buffalo upande wa Marekani, amehitimu uuguzi na amepata kazi huku Hamilton, upande wa Kanada. Baba yake amenuna. Kila mmoja hunipigia simu kwa siri, akitaka nimwambie kuwa yeye ndiye mwenye haki. Mimi niliishi Buffalo miaka kumi, tangu 2001, na Hamilton nipo tangu nilipoolewa mwaka 2011. Basi nitasema niliyoyaona, nao watayasoma hapa pamoja nanyi.

Toka mji mmoja hadi wa pili ni kiasi cha kilomita 100 kwa gari, ukivuka Mto Niagara kwa daraja la Peace Bridge lililofunguliwa mwaka 1927. Miji yote miwili ilikuzwa na chuma. Lakini mwaka 1983 kiwanda kikubwa cha Bethlehem Steel pale Lackawanna, jirani na Buffalo, kilisimamisha sehemu kubwa ya kazi yake. Huku kwetu kiwanda cha Dofasco kinaendelea hadi leo. Anika nguo karibu na bandari utakijua. Buffalo ilikuwa na watu 580,132 mwaka 1950. Mwaka 2020 walihesabiwa 278,349. Hamilton iliunganishwa na vitongoji vyake mwaka 2001, na hesabu ya 2021 ilipata watu 569,353.

Kuondoka kwa watu ndiko kulikompa kaka nyumba. Mwaka 2004 alinunua nyumba ya mbao mtaa wa West Side, ya namna iliyojaa Buffalo: familia moja chini, nyingine juu. Chini akakaa yeye, mkewe na mama yetu. Juu akapangisha, na kodi ya mpangaji ikasaidia kulipa mkopo. Naye ni dereva wa lori! Mimi na mume wangu sote tunafanya kazi, na hadi leo tu wapangaji, maana watu wa Toronto walioshindwa na bei za kwao wamehamia huku wakapandisha za kwetu. Kaka hachoki kunikumbusha. Akija hunyoosha mikono katikati ya sebule yetu, akauliza kama ukuta ule ni wetu au wa jirani.

Sasa nami nimkumbushe. Januari 2009, nikiwa Buffalo, niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono. Mwajiri alikuwa amenipunguzia saa za kazi, na saa zilipopungua bima ya matibabu nayo ikaondoka. Mkono ulipona kwa wiki nane. Deni la hospitali lilichukua miaka mitatu, na malipo ya mwisho niliyatuma nikiwa Hamilton, bi harusi na deni lake. Haki isemwe: sheria iliyotiwa saini mwaka 2010 imepunguza mambo hayo, na tangu 2014 jimbo la New York limewaingiza watu wengi zaidi wa kipato kidogo katika bima ya serikali. Hata hivyo kaka akiumwa, la kwanza analouliza si daktari gani, bali bima inalipa nini.

Hapa Ontario waonyesha kadi tu. Mume wangu alipopasuliwa goti, tulicholipa pale hospitali ni maegesho ya gari. Lakini msidhani ni peponi. Tulingoja miezi kumi na mmoja, na muda wote huo mtu mzima yule akipanda ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato. Tena dawa za kutumia nyumbani hazimo katika kadi kwa mtu wa umri wake; ililipa bima ya kazini kwake.

Usafiri sitaurefusha. Buffalo wana reli moja ya mjini, iliyoanza miaka ya 1984 na 1985. Inafuata Main Street na kukomea chuo kikuu, na kazi nyingi ziko vitongojini huko isikofika. Bila gari umekwama. Hamilton mimi hupanda basi. Shirika la mabasi bado linaitwa Hamilton Street Railway, ingawa tramu zilikwisha mwaka 1951. Basi langu hupanda jabali ambalo wenyeji huliita Mlima. Sisi tuliozaliwa tukiiona Usambara hunyamaza kwa adabu.

Kuna jambo moja ambalo Buffalo inatushinda, nalo ni majirani. Mji ule uko ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, upepo husafiri urefu wote wa ziwa na kumwaga theluji pale. Dhoruba ya Krismasi 2022 iliua zaidi ya watu 40. Umeme wa kaka ulikatika, nyumba ikawa jokofu. Mzee mmoja Mrundi wa ng'ambo ya barabara alivuka theluji ya kiunoni akawachukua wote. Mama alibebwa mgongoni. Walikaa kwake siku mbili. Mimi katika jengo letu naujua mlango wa jirani, jina lake silijui.

Na mpaka je? Machi 2020 barabara ilifungwa kwa wasafiri wa kawaida. Ndege ziliruhusiwa, ila kurudi Kanada ni kujifungia siku 14, na kazi yangu isingeningoja. Siku moja kaka alimleta mama Broderick Park, ukingoni mwa mto, nami nikasimama Fort Erie, simu sikioni. Niliona kanga nyekundu tu. Mama akasema, "Mbona umekuja bila kofia?" Macho yake hayafiki huko, alibahatisha, na alipata. Novemba 2021 Marekani ilipofungua barabara kwa waliochanjwa nilikwenda wiki ile ile. Nakubali kuwa hili ndilo linalomnunisha kaka, si mshahara wala nyumba.

Mtoto anakuja Juni. Atalala sebuleni petu hadi apate chumba, na kila akipata mapumziko atarudi kwa bibi yake. Kaka bado amenuna, ila juzi aliniuliza ngazi zetu zina upana gani, kwani ana kitanda cha kuleta.