Serumu iliyoongeza vifo

Mzazi wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, akimfikisha hospitalini mtoto mwenye malaria kali, anachotaka kuona kwanza ni serumu imetundikwa. Ikichelewa, manung'uniko huanza. Simlaumu. Hata madaktari tulifundishwa hivyo: mtoto mwenye homa, mikono ya baridi na moyo unaokwenda mbio amiminiwe maji ya mshipa, mengi na kwa haraka.

Imani hiyo ilipimwa kuanzia mwaka 2009 katika jaribio lililoitwa FEAST. Aliyeliongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa kituo cha pamoja cha taasisi ya utafiti ya KEMRI na mfuko wa Wellcome Trust, Kilifi, nchini Kenya. Kilifi peke yake isingetosha, basi zikaungana hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Mbale, Soroti na Muheza. Daktari wa wodi moja hawezi kugundua kwa macho kwamba tiba fulani inaongeza vifo vitatu katika kila watoto mia.

Mtoto akiingia mahututi, bahasha iliyofuata kwa namba ilifunguliwa. Kadi ya ndani ndiyo iliyoamua: maji ya chumvi kwa kasi, maji yenye albumini (protini ya damu) kwa kasi, au maji ya polepole tu. Dawa za malaria, antibiotiki na damu alipewa kila aliyezihitaji. Hapo ndipo wazazi hushtuka: mwanangu apigiwe kura? Naam, kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, aliyezidiwa zaidi ndiye atakayepewa maji mengi, na akifa hatutajua kilichomuua ni ugonjwa au tiba. Kuhusu ridhaa, mama aliyebeba mtoto anayekata roho hasomewi kurasa kumi. Palipokuwa hakuna nafasi, aliulizwa kwa maneno machache akubali au akatae, kisha maelezo kamili na sahihi vikafuata mtoto akishatulia. Wapo wasioupenda utaratibu huo. Mimi naona ulikuwa wa kiungwana kuliko kumshikisha kalamu mtu anayetetemeka.

Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu. Kati ya watoto 3,141, waliopewa maji ya polepole walikufa kama 7 katika mia ndani ya saa 48. Waliomiminiwa maji, yawe ya chumvi au albumini, walikufa zaidi ya 10 katika mia. Wataalamu wengi walibisha, na Shirika la Afya Duniani halikubadili mwongozo wake hadi mwaka 2016.

Matokeo haya hayamhusu mtoto anayeharisha. Wenye kuhara na kutapika hawakuingizwa kwenye jaribio, na kipindupindu kikizuka Bujumbura, maji ya haraka, ya kunywa au ya mshipa, bado ndiyo tiba. Akiishiwa maji hivyo, dai serumu bila kungoja.